Msomaji wa Barua za Mama

Nilipoingia darasa la tatu nilipewa kazi nyumbani ambayo hakuna mtoto mwingine wa mtaa wetu aliyekuwa nayo. Nilikuwa msomaji wa barua za mama yangu.

Mama hakujua kusoma. Alizaliwa Shinyanga mjini, katika nyumba ileile aliyokuja kurithi kwa baba yake. Aliijua Kurani kwa kuhifadhi, alijua kufuma vitambaa vya meza na mapazia ambayo watu waliyafuata kutoka mbali, lakini karatasi yenye maandishi kwake ilikuwa karatasi tu. Baba alikuwa fundi makanika. Alikwenda Geita kufanya kazi mgodini nikiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, na mgodi ulipofungwa hakurudi. Alisema amefungua gereji yake mwenyewe hukohuko Geita, mtaa wa Kalangalala, anatengeneza malori na mashine za kusaga, na kwa mara ya kwanza maishani hapigiwi kengele na mtu. Alisema akipata nyumba nzuri atatuita. Mama aliingoja hiyo nyumba kwa miaka.

Barua za baba zilikuja kwa sanduku la posta la duka la jirani yetu Mhindi. Kabla yangu zilisomwa na fundi viatu aliyekaa kwenye kona ya mtaa, mzee mwenye moyo mzuri na sauti ya mnadani. Akisoma "mke wangu mpenzi", wanawake waliokuwa wakipita na ndoo zao walisimama kusikia mpenzi ameambiwa nini. Mama alijifunika ushungi hadi puani na kutazama chini mpaka barua iishe. Basi siku niliyoweza kusoma barua nzima bila kukwama, alinikumbatia akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Sasa siri zangu zimerudi nyumbani," alisema.

Tulikuwa na taratibu zetu. Alitandika mkeka ndani, akafunga mlango wa mbele, akakaa na kazi yake ya kufuma. Nilisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa haraka, ili ajue kama kuna ugonjwa au msiba, na mara ya pili polepole, ili afaidi. Kisha barua iliingia kwenye mkebe wa biskuti, juu ya zile za nyuma. Kesho yake alinisemea majibu, nikaandika. Nilijiona mtu mkubwa. Wenzangu walitumwa dukani na kisimani. Mimi nilitumwa Geita, bila kunyanyuka mkekani.

Siku moja ilikuja barua ambayo ilianza kama nyingine zote. Salamu nyingi, hali yangu njema, hofu iko kwenu mlioko mbali. Nilikuwa nikisoma kwa sauti, na jicho langu likatangulia mbele kidogo kama lilivyozoea. Likaona: *Napenda kukujulisha mke wangu kwamba huku nimeoa. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Naomba ulipokee kwa moyo wa subira.*

Nilikwama. Mama aliacha kufuma.

"Kuna nini?"

Kulikuwa na mwanamke nyuma ya nyumba yetu ambaye mumewe alioa mke wa pili mwaka ule. Tulikuwa tukimsikia akilia mchana kweupe, na watoto wakaigiza kilio chake wakicheza. Nilimwona mama yangu katika hali ile. Niliona watoto wenzangu wakimwigiza. Sikufikiri zaidi ya hapo.

"Baba anasema amepata chumba kizuri," nilisema. "Chenye dirisha."

"Dirisha?"

"Dirisha kubwa. Linaleta hewa."

Mama alitabasamu, akarudi kwenye kufuma. Kesho yake, nilipomaliza kuandika majibu aliyonisemea, kuhusu kuku na mvua na paa linalovuja, nilibaki na kalamu mkononi. Niliona kwamba baba atangoja jibu la lile jambo, na asipolipata atauliza tena. Nikaongeza mstari mmoja kwa akili yangu: *Nimesikia uliyoniambia. Sina neno.* Nikafunga bahasha. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na nilikuwa nimemwozesha baba yangu.

Uongo ule ulinitaka niutunze kama mbuzi wa kufungwa kamba, kila siku nimpe majani. Baba aliandika kwamba anashukuru, kwamba wanawake wenye moyo kama wa mama ni wachache. Niliruka. Aliandika kwamba mwenzio anakusalimu. Nikasoma "wenzangu wanakusalimu". Na mama, kwa upande wake, hakuweza kulisahau lile dirisha. Alinunua uzi mweupe akafuma pazia, kazi ya miezi miwili, lenye maua pembeni na nyuzi zinazoning'inia chini. Alilikunja ndani ya gazeti akampa kondakta wa basi ampelekee baba.

"Mwandikie kwamba ni la dirisha," aliniambia. Nikaandika.

Baba alikuja mara moja katika miaka ile, Idi Kubwa. Sitaisahau ile siku. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tukila pilau, yeye kwenye kanzu mpya aliyoshonewa na mama, na mimi katikati yao nikihesabu kila neno lililotoka midomoni mwao. Baba alimtazama mama kwa muda, akaacha kula.

"Mke wangu," alisema, "nakushukuru. Si kila mwanamke angeweza."

Niliinamia pilau.

"Mambo madogo hayo," mama alisema kwa haya, akidhani anashukuriwa kanzu. "Nilikuwa na nafasi."

Baba alitikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Nadhani hakuwahi kumpenda mama kama alivyompenda siku ile. Aliondoka baada ya siku tatu, kila mmoja akiwa na furaha na mwenzake, na mimi nikapata homa iliyonilaza wiki nzima.

Zilikuwa siku za kujitegemea. Shuleni neno hilo liliandikwa juu ya ubao, na maana yake ilikuwa jembe: mchana tulikwenda kwenye shamba la pamba la shule, walimu wakitutia moyo kwamba nchi iliyojitawala lazima ijilishe. Kwenye redio ya dukani lilikuwa na maana nyingine, kubwa zaidi, iliyosemwa kwa sauti nzito. Kisha likaingia mtaani kwetu kwa njia ya kisomo. Watu wazima wote wasiojua kusoma waliambiwa waje jioni kwenye banda lililokuwa ghala la pamba. Mwalimu alikuwa karani mstaafu wa kinu cha pamba, mtu mwembamba aliyevaa tai hata kwenye joto la mwezi wa kumi.

Nilimwambia mama asijisumbue, nitamfundisha mimi. Nilisema hivyo kwa upendo, na kwa hofu pia.

Alinitazama huku akichanganya unga wa vitumbua. "Hapana, mwanangu. Ukinifundisha wewe nitakuwa nimetoka kwenye mdomo wako nikaingia kwenye mkono wako. Nataka kitu hiki nikipate nje ya nyumba hii."

"Kwani nakusomea vibaya?"

"Unanisomea vizuri sana," alisema. "Lakini nachoka kukutazama uso kwanza ili nijue barua inasema nini."



Hakwenda peke yake. Mke wa mwenye duka, yule jirani yetu Mhindi, alikuwa mama wa makamo aliyejua kusoma Kigujarati vizuri, lakini herufi hizi nyingine alikuwa hazijui, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia chumvi na mafuta ya taa. Tulimwita Mama wa Dukani. Katika miaka yote aliyoishi Shinyanga hakuwahi kutembea hata hadi posta bila mumewe au mmoja wa wanawe. Sijui mama alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba jioni ya pili walipita barabarani wawili, mmoja na buibui, mmoja na sari ya rangi ya chungwa, kila mmoja na daftari na penseli, na watoto wakawafuata nyuma wakiimba "ngumbaru! ngumbaru!" Mama aliona aibu. Mama wa Dukani aligeuka akawaambia, kwa Kiswahili chake cha dukani, "Leo mimi jua A. Kesho wewe taka peremende, mimi andika deni." Watoto wakatawanyika.

Walisoma pamoja mwaka mzima na zaidi. Mchana, duka likiwa halina watu, niliwakuta wameinama juu ya magunia ya sukari wakisoma maandishi yake kwa vidole, wakibishana. Mama wa Dukani alikuwa mwepesi wa herufi na mzito wa maana. Mama yangu alikuwa kinyume chake. Mmoja alitamka, mwingine alieleza alichotamka. Nimekuwa mwalimu sasa kwa miaka mingi, na sijawahi kupanga wanafunzi wawili pamoja wakafaana vile.

Na lazima niseme ukweli: sikufurahi. Mama alipoanza kusoma majina ya mabasi na maandishi ya kanga kwa sauti, watu walimpongeza, nami nilinuna kama mtu aliyenyang'anywa ofisi. Siku barua ya baba ilipofika na mama akaichukua mwenyewe mkononi mwangu, akafungua bahasha kwa kisu cha jikoni, akakaa mkekani akaisoma kwa nusu saa midomo ikichezacheza, nilikaa mlangoni bila kazi. Bahati yangu barua ile haikuwa na kitu. Alipomaliza aliinua uso.

"Baba yako," alisema, "ana mwandiko mzuri. Hukuwahi kuniambia."

Kisha akauleta ule mkebe wa biskuti.

Alikusudia kuzisoma zote upya, kuanzia ya chini kabisa, moja kila siku baada ya swala ya alasiri. Alikuwa kama mtu aliyekula chakula gizani miaka mingi, sasa ameletewa taa. Mimi nilijua barua ile ilipo. Ilikuwa ya kumi na moja kutoka chini. Siku ya nane niliichomoa, nikaenda nayo chooni, nikasimama juu ya shimo nimeishika. Ningeweza kuiachia. Lakini nilikuwa nimesikia namna mama anavyosoma, anavyorudi nyuma kwenye silabi iliyomponyoka mpaka aishike, na sikuweza. Niliirudisha mahali pake, kisha nikangoja.

Siku ya kumi na moja niliporudi kutoka shamba la shule, mama alikuwa jikoni anaosha mchele. Mkebe ulikuwa umefungwa. Alinipa chakula, akaniuliza kama pamba imetoa maua. Kesho yake vilevile. Siku nne zilipita, nami sikulala vizuri hata siku moja. Siku ya tano alikuwa amekaa na ungo, anachambua mchele, akaniita nikae.

"Lile dirisha la baba yako," alisema bila kuinua macho, "liko upande gani wa nyumba?"

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui. Na nimelifumia pazia."

Nililia. Nililia kwa sauti, kama yule mwanamke wa nyuma ya nyumba yetu niliyeogopa mama asije akafanana naye. Aliniacha nilie, vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Ulikuwa darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Basi ulikuwa mdogo mno kunihurumia. Kunihurumia ni kazi ya watu wazima, na hata wao sikuwaomba." Aliweka ungo chini akanivuta kwake. Alinukia iliki na moshi. "Tutakwenda Geita shule ikifungwa. Utakuja na mimi. Lakini njiani hutanisomea kitu. Umesikia? Hata kibao kimoja."

Nilikubali. Lakini ule mstari wangu, ule wa *sina neno*, sikumwambia. Nilikosa ujasiri.

Tulisafiri kwa njia ya Kahama. Barabara ilikuwa vumbi tupu, tukawa wekundu hadi kwenye kope. Kila kibao mama alikisoma, na kwa kuwa basi lilikwenda upesi kuliko yeye, mara nyingi alibaki na nusu ya neno. "Ka-ha-," alisema, tukapita. Tulipofika Masumbwe tulishuka kubadili basi. Mabasi yalikuwa yamesimama matatu, utingo wanaita abiria, wanagonga mabodi, na mama akasimama mbele ya basi la kwanza na mzigo kichwani kusoma kibao chake.

"Mayu, panda, tunachelewa!" utingo alimpigia kelele, akimwita mama kwa Kisukuma. "Unakwenda wapi?"

"Ngoja nisome," mama alisema.

"Niulize mimi nikwambie!"

"Najua unaweza kuniambia. Ngoja."

Niliweza kuona tangu mbali kwamba si lile. Nilijiuma ulimi. Mama alisoma mpaka mwisho, akalishukuru basi lile kama mtu, akahamia la pili. Pale alisoma G, akasoma E, uso wake ukaanza kufunguka kabla hajafika mwisho. Alipanda bila kumuuliza mtu. Alipokaa, alinishika mkono akaukaza mpaka tulipoanza kupanda vilima vya Geita.

Nyumba ya baba ilikuwa ya matofali ya udongo na bati, na mbele yake banda la gereji lenye harufu ya grisi. Baba hakuwepo, alikuwa amekwenda kutengeneza mashine ya kusaga. Aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mwenye mtoto wa kike kiunoni. Alituona, akatuelewa palepale. Akapiga magoti.

"Shikamoo, dada."

Mama alikawia kidogo tu. "Marahaba. Hujambo?"

Kiswahili chake kilikuwa na Kizinza ndani yake, na alikuwa na haya, lakini alitukaribisha kwa mikono miwili. Tulipoingia nililiona pazia. Halikuwa dirishani, kwa kuwa chumba hakikuwa na dirisha. Lilining'inia kwenye mlango wa chumba cha kulala, limefuliwa, jeupe kama lilivyotoka mikononi mwa mama.

"Hili ulinitumia," yule mwanamke alisema, akiligusa kwa ncha za vidole. "Nilikuwa naogopa sana, dada. Watu waliniambia mke mkubwa wa mjini atanilaani. Lilipokuja hili nikasema, basi, amenipokea."

Mama alilitazama pazia, akamtazama mwanamke, akamtazama mtoto. Nilingoja aseme. Kama angesema, sijui yule mwanamke angejificha wapi.

"Umelitunza vizuri," mama alisema.

Baba aliporudi alisimama mlangoni na mikono yake ya mafuta, haijui iende wapi. Walisalimiana. Chai ikanywewa. Kisha mama akamwambia kwamba alikuwa amejua habari za ndoa ile wiki sita tu zilizopita.

"Haiwezekani," baba alisema. "Nilikuandikia. Na wewe ukanijibu!"

Aliingia ndani akatoka na barua. Alikuwa ameitunza, pengine kwa sababu ilimpa amani. Mama aliinyosha juu ya goti lake, akaisoma kwa sauti mbele yetu sote, kidole kikifuata, kuku na mvua na paa linalovuja, maneno yake mwenyewe, mpaka akafika chini.

"Ni-me-si-ki-a u-li-yo-ni-a-mbi-a. Si-na ne-no."

Mama aliutazama ule mstari kwa muda mrefu. Baba naye akaelewa, akageuza shingo polepole kuelekea kwangu.

"Usimtazame mtoto," mama alisema. "Nitazame mimi."

Baba akamtazama.

"Neno ninalo. Sikukatazi kuoa, dini imekuruhusu, na huyu mwenzangu hana kosa lolote kwangu. Lakini ulijua sijui kusoma. Ulijua nani atasoma. Ulishika kalamu, ukaandika jambo lile, ukijua linakwenda kutua kwenye mdomo wa mtoto wa miaka tisa."

Baba alijifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena, kisha akanyanyuka akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Nisamehe," aliniambia. Mimi, siyo mama. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Tulikaa siku tatu. Mama na yule mwanamke walipika pamoja, mwanzoni kwa tahadhari, kama watu waliobeba meza nzito mlangoni. Siku ya mwisho nilimkuta mama ameshika kidole cha mwenzake, anakipitisha kwenye unga uliobaki juu ya ungo, anamwonyesha namna jina lake linavyoandikwa. Yule mwanamke alitazama alichoandika, akaona aibu, akapuliza unga. Kisha akaomba waandike tena.

Ndani ya basi la kurudi, baada ya mwendo mrefu, mama alinigeukia.

"Mwandiko wako ulikuwa mbaya siku zile," alisema. Hilo tu. Sikuzote nilingoja sehemu nyingine ya maneno yale, haikuja.

Miezi michache baadaye aliandika barua yake ya kwanza maishani. Alijifungia chumbani siku mbili, akatoka na bahasha iliyokwisha gundiwa, akaipeleka posta akiwa na Mama wa Dukani. Sikuonyeshwa, na sikuuliza. Baba alikuja mwenyewe badala ya kujibu. Alikaa sebuleni kama mgeni, akala, wakazungumza mlango ukiwa wazi, sauti zao zikiwa za chini bila ukali. Alipoondoka alikuwa amempa mama talaka aliyoiomba kwa barua ile, na macho yake yalikuwa mekundu. Niliogopa kwamba ni kwa ajili ya yale niliyoyafanya. Mama akaniambia hapana.

"Sikumchukia baba yako," alisema. "Nilikuwa nimeishi miaka mingi kama mtu aliyefunga mizigo, anangoja kuitwa. Nilitaka nifungue mizigo."

Akaifungua kweli. Alipaka nyumba chokaa. Alitoa vitanda vya chumba cha mbele, akafundisha wasichana kufuma, na mwaka uliofuata Mama wa Dukani akamfungulia kabati zima dukani la kuweka kazi zao. Kuna waliosema ni mwanamke asiye na mtu. Nyumba ilijaa watu toka asubuhi hadi magharibi, sijui walikuwa wanahesabu nini.

Mimi nikaenda chuo cha ualimu, na kituo changu cha kwanza kikawa Geita. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari na sabuni vilikuwa vya kusikia tu. Nilipanga chumba changu mwenyewe. Nilikuwa na ufunguo, jiko la mkaa, godoro na mshahara wangu, na niliona nimefika mahali ambapo wote wawili, baba na mama, walihangaika kufika. Nyumba ya baba ilikuwa mwendo wa nusu saa. Nilikwenda kusalimia, sikukubali kulala. Mama mdogo, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwita sasa yule mwanamke, alinibembeleza nihamie kwao. Nilikataa kwa majivuno ya ujana. Nilimwambia najitegemea.

Malaria ilinipiga mwezi wa nne. Siku mbili nilijifungia ndani nikidhani itapita, sikumwambia mtu, kwa kuwa sikutaka kuonekana nimeshindwa. Siku ya tatu sikuweza kuufikia mlango. Mama mdogo ndiye aliyeusukuma mpaka komeo likaachia. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu hajaonekana shuleni. Alinipeleka hospitali, akanirudisha, akalala sakafuni kando yangu, na akatuma salamu Shinyanga bila kuniuliza. Mama alifika kesho kutwa yake, mwekundu kwa vumbi kama safari ile.

Nilipozinduka vizuri nilisikia wanabishana nje kwenye jiko langu la mkaa. Mama alikuwa anapika uji wa mchele na maziwa. Mama mdogo alisema mgonjwa wa malaria hapewi maziwa, anapewa uji wa mtama wenye ukwaju, unakata kichefuchefu. Mama alisema ukwaju utamchubua tumbo. Mama mdogo alisema, kwa heshima zote dada, mimi ndiye niliyekuwa namshika kichwa akitapika. Yakaja mabakuli mawili. Nilikunywa kidogo hapa, kidogo pale, nikitazamwa na macho manne.

Kisha nikataka kwenda chooni. Niliteremsha miguu, nikasimama, ukuta ukaanza kutembea. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: niacheni, nitaweza. Mama akanishika mkono wa kulia. Mama mdogo akanishika wa kushoto. Niliyameza yale maneno, nikawaegemea kwa uzito wangu wote, nao wakanivusha kizingiti na kunitoa juani, taratibu, wakiendelea kubishana juu ya kichwa changu kuhusu ukwaju.